Walio Chini ya Mfuniko

Mkunga mstaafu alikuwa ameshamwambia fundi wa maji taka ageuze gari lake la kunyonyea. Choo kinashuka vizuri, shimo lina miaka kumi na minane bila shida. Ya nini kumwamsha aliyelala?

"Tazama kwanza, mama," fundi akasema, akasogeza mfuniko wa zege.

Alizamisha mti mrefu uliofungwa taulo jeupe hadi chini, akauinua taratibu. Juu taulo lilishika utando wa mafuta, chini tope jeusi. Katikati, palipotakiwa kuwa na maji tele, palibaki upana wa kiganja.

"Tope likivuka bomba la kutolea maji, ardhi inayoyanyonya inaziba, maji yanakurudia ndani."

"Mbona miaka yote hii halikujaa?"

"Kuna vijidudu, mama. Vinakula mchana na usiku. Vinachoshindwa ndicho hiki kilichotuama."

Mkunga akapiga magoti. Alikuwa amepokea nusu ya watoto wa mtaa ule kwa mikono yake, akidhani anajua kila mahali uhai unapojificha. Alilikodolea macho lile giza, akasahau hata kuziba pua.

"Haya, nyonya," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini tafadhali, bakiza vijidudu vya mbegu."