Siwa Iliyosubiriwa

Asubuhi ile jeshi lilishindwa kivukoni, na alasiri mfalme aliingia kwa miguu nyumbani kwa Bi Radhia, mpuliza siwa wa mji.

"Piga siwa! Watoke wote, tupigane tena kabla adui hajavuka mto."

"Watoke akina nani, Mwinyi? Wamebaki vikongwe na watoto."

"Nani kakuuliza? Piga!"

Bi Radhia aliinyanyua ile pembe ndefu. Alijua kwamba ikilia, mji mzima utatoka bila kuuliza, na kwamba mpulizaji hana ruhusa ya kumkatalia mfalme. Aliigusisha midomoni, akavuta pumzi, kisha akaishusha taratibu hadi sakafuni.

Hakuna aliyewahi kuketi ilhali mfalme amesimama. Bi Radhia alivuta kigoda, akaketi.

"Unaketi?" mfalme alinong'ona. "Mbele yangu?"

"Nimeketi, Makame. Nawe keti, umechoka."

Tangu atawazwe, hakuna aliyemwita kwa jina. Alikitazama kigoda cha pili, asikisogelee. Nje, vikongwe na watoto walikuwa wamesimama vizingitini na mikuki, wametega masikio kuisubiri siwa.