Mlango wa Bibi Elinami

Tangu maradhi yaingie mtaani, milango ndiyo iliyokuwa ikiitikia hodi. Kila mlango ulifundishwa sauti ya mwenye nyumba, ili mgeni amjulie hali na kurudi zake bila kupumuliana na mtu.

Mama Aikande, mzee wa kanisa, aliweka chupa ya uji barazani kwa Bibi Elinami. Chupa ya jana ilikuwa palepale, haijaguswa.

"Hodi, Bibi."

"Karibu, mwanangu. Mimi sijambo, Bwana asifiwe," mlango ukajibu. "Uji nitakunywa baadaye. Nenda salama."

Ilikuwa sauti yake hasa, mpaka ule mkwaruzo wa kooni. Lakini Mama Aikande hakuondoka. Bibi Elinami alikuwa mwalimu wa kwaya, na hakuna aliyewahi kukosea wimbo mbele yake akasalimika. Hata kwenye mazishi ya mumewe aliwasimamisha waombolezaji katikati ya ubeti, akawaanzisha upya.

Mama Aikande akaimba wimbo wa faraja, akiupotosha makusudi tangu mstari wa kwanza.

"Amina, mwanangu," mlango ukasema. "Umeimba vizuri sana."

"Amina," milango ya majirani ikaitikia, mtaa mzima.

Mama Aikande akavua barakoa, jambo lililokatazwa, akasogeza mdomo kwenye tundu la ufunguo, akaanza ubeti wa pili, vibaya kuliko wa kwanza. Haondoki hapa mpaka agombezwe.