Ndege ya Kuwahi Meli

"Hiyo siitaki," Kapteni alisema, akaifuta ile ndege kwenye kompyuta. "Inawakalisha uwanjani kutwa nzima. Wasichana wafike bandarini wamechoka hoi, wamenuna? Hapana, tafuta nyingine."

Alikuwa anajisemea peke yake, kama kawaida yake. Kapteni hakuwahi kuwa nahodha wa chochote, hata mtumbwi. Jina alilipata kwa ile kofia nyeupe aliyoitundika ofisini, juu ya picha ya meli kubwa ya kitalii, na jina lake halisi hakuna aliyelijua pale kazini. Kazi yake ilikuwa kuwapangia ndege wasichana waliopata ajira melini: kutandika vitanda, kuhudumia mezani. Na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Wenzake walimpandisha mtu ndege tatu, yeye huku, sanduku lake kule. Kapteni? Wee! Ndege moja, na gari linamngoja mlangoni.

Wasichana aliletewa na mwenye saluni ya mtaa wa nyuma, ambaye kila mtu alimwita Shangazi. Mwanamke yule alijua kuongea, jamani. Ukikaa kwenye kiti chake kusukwa, unainuka umeshakubali kusafiri. Pasipoti alipokea yeye, majina aliingiza yeye. Kapteni alichagua ndege, akabonyeza, basi. Majina hakuyasoma.

"Mimi mtu wa njia," alimwambia Shangazi. "Majina yananichanganya tu."

Siku hiyo aliingia mama mmoja kashika mfuko wa dawa. Binti yake alikuwa anaondoka kesho.

"Nimemnunulia vidonge vya kichefuchefu," mama alisema. "Huyu hata basi linamtapisha, sembuse bahari!"

"Rudi navyo, mama yangu. Hatavihitaji."

"Kweli, baba?"

"Niamini. Hatahisi wimbi hata moja."

"Meli za siku hizi!" Mama akacheka, roho imetulia. "Na tiketi ya kurudi? Mbona sijaiona?"

"Ya kurudi inapangwa hukohuko. Usiwe na wasiwasi."

Mama akamshika mikono yote miwili, akamwombea heri mpaka machozi yakamtoka. Kapteni akamsindikiza hadi mlangoni, akarudi ndani, akanawa mikono kwa sabuni.

Kitu kimoja tu ndicho kilichomnyima usingizi: binti yake mwenyewe. Mtoto pekee, mama yake marehemu, na Kapteni ndiye aliyemlea, akamchana nywele, akamkeshea akiwa na homa. Sasa alikuwa anasomea uuguzi mji wa jirani, na likizo hii alikuja nyumbani na wimbo mmoja.

"Watoto wa wenzio unawapeleka melini kila wiki, Baba. Mimi nina kasoro gani?"

"Huna kasoro. Wewe nakutaka hapa."

"Mwaka mmoja tu! Nitakuletea kofia ya kapteni wa kweli."

"Nimesema hapana!"

Alipiga meza mpaka chai ikamwagika. Hakuwahi kumfokea hivyo tangu azaliwe. Binti akalia, akachukua kitambaa, akaifuta meza.

"Haya, Baba. Nimeacha. Kesho narudi chuoni."

Kapteni alimkumbatia, akamshukuru Mungu kwa sauti. Alimpenda yule mtoto hadi kifua kikamuuma. Asubuhi akampeleka stendi mwenyewe, akamnunulia maji na mkate, akahakikisha kapata kiti cha dirishani. Akamsifia na nywele. Alikuwa kasuka mpya, zimempendeza kweli. Jioni ukaingia ujumbe: nimefika salama, Baba. Kapteni akalala fofofo.

Siku iliyofuata alikuwa ofisini, kofia kichwani, akiwatafutia ndege kundi jingine. Simu ikaita. Akaona ni binti yake, akapokea huku akitabasamu.

"Mama! Masomo yameanza?"

"Baba, usinigombeze kwanza." Binti alikuwa anacheka, na nyuma yake upepo ulikuwa unavuma kwa nguvu. "Nimekuja! Shangazi wa saluni kanipigania nafasi. Sikumwambia mimi mtoto wa nani, nilitaka uone kwamba naweza mwenyewe. Na hiyo ndege yako, Baba, hongera! Hatukungoja popote. Ila mbona huku ni mchanga mtupu? Namuuliza dereva bahari iko upande gani, anacheka tu. Ngoja kidogo, pasipoti zetu ameshachukua, sasa anataka na simu."