Bastola ya Kila Siku

Biashara haigombi, wanasema. Ya Signe Tveit iligomba, tena saa tatu asubuhi, mbele ya wateja.

Aliyegombana naye ni Orrin Haugen, mfugaji wa ng'ombe wa miaka hamsini na tisa. Mji mzima ulijua kwamba Orrin na marehemu baba yake Signe walizozana miaka ishirini juu ya ua wa mpakani mwa mashamba yao. Asubuhi hiyo Orrin aliingia katika duka la bunduki anakouza Signe, akavua glavu, akasema anataka bastola ndogo, ya kubeba mwilini kila siku bila watu kuiona.

Signe alitandika kitambaa juu ya kaunta, akampangia tatu, zote tupu. Orrin akagusa ya kwanza.

"Hii."

"Hizo nyingine hujazishika, mzee."

"Hii inatosha."

Signe akamwambia bastola ya kila siku huchaguliwa kama kiatu. Ikikubana, siku ya tatu utaiacha kwenye droo ya gari, na siku ya kuihitaji itakuwa huko huko kwenye droo. Akamuuliza ataivaa wapi: kiunoni kwa mbele, ubavuni, au mfukoni mwa koti? Orrin akasema popote.

Signe akamfunga ala kwenye mkanda, akaichomeka bastola tupu, akamwambia akae kwenye kiti, kisha ainame kana kwamba anafunga kamba za buti. Hapo wateja wote huguna. Huvuta mkanda, hulaani vitambi vyao, huomba iliyo nyembamba zaidi. Orrin aliinama, mpini ukamzama mbavuni, naye hakuuvuta mkanda.

"Inakuumiza?"

"Haidhuru."

"Na mwezi wa nne ukiendesha gari hadi Billings kwenye mnada wa madume ya ng'ombe? Saa mbili nzima umekaa, na mkanda wa kiti juu yake. Utavumilia?"

Orrin alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za safari ya jirani. "Binti, nimekuja kununua, sikuja kusailiwa."

Mwanamume mmoja kwenye rafu ya risasi alicheka. Akataka kujua tangu lini duka la bunduki limekuwa duka la viatu vya harusi. Mwenzake akadakia kwamba mwacheni, bado hajampima suruali.

Signe hakucheka. Alizikusanya bastola zote tatu, akazirudisha kwenye kabati la kioo, akalifunga kwa ufunguo.

"Leo sikuuzii."

Orrin akamwambia rekodi yake ni safi, hajawahi hata kupigwa faini ya mwendo kasi. Signe akakubali kwamba ni safi, tena kuliko yake yeye. Akamshauri arudi Alhamisi na mkanda mgumu zaidi, wajaribu upya.

"Alhamisi ni mbali," Orrin akasema. Akavaa glavu zake polepole. "Baba yako alininyima njia ya kupita kwenye ua ule. Wewe unaninyima bastola. Damu haipotei."

"Ndiyo. Ukaidi nimeurithi wote."

Alipotoka tu, Signe alichukua simu. Verlon Pruitt, mwenye duka, alitoka ofisini akamkuta anamaliza kuongea na duka jingine la bunduki pale mjini. Akamsikia akilipigia la tatu, la mji wa jirani, kwa maneno yale yale: Haugen akija, msimuuzie. Simu ya mwisho Signe aliipiga nje, kwenye theluji.

Verlon alimngoja mlangoni. Akamwambia kwamba yeye yumo katika kazi hii miaka thelathini, na hajawahi kuona muuzaji anayemfukuza mteja, halafu akamfungia hata milango ya wapinzani. Akamuuliza kama ni ule ugomvi wa ua.

"Hakujua ataibeba vipi, bosi."

"Hiyo ni shida yake."

"Anayeuza ni mimi."

"Unauza vyangu, Signe. Sasa chagua. Twende kwake ukamwombe radhi mbele yangu, au weka funguo hapo kaunta uende zako."

Signe akavaa koti. Verlon akadhani ameshinda.

Njia nzima garini Verlon alikuwa akimfundisha maneno ya kusema: aanze na heshima, aseme asubuhi haikuwa nzuri kwake, asitaje ua kabisa. Mara mbili Signe alimwomba aongeze mwendo.

Aliyewafungulia mlango ni Margit, mke wa Orrin, bado amevaa aproni ya jikoni mwa shule anakofanya kazi. Nyuma yake, mezani, Orrin alikuwa ameketi kati ya kaka yake na mchungaji, na kahawa iliyopoa mbele yake.

Verlon akakohoa. Akaanza kusema kwamba wanasikitika kwa yaliyotokea dukani, na kwamba Signe amekuja kumwomba mzee...

Margit akainua karatasi aliyokuwa ameishika. "Niliikuta juu ya mto wangu, Signe, nilipokimbilia nyumbani baada ya simu yako. Ameandika azikwe na suti ipi."

Verlon akavua kofia. Orrin hakuinua kichwa.

"Umeniaibisha mbele za watu, binti," akasema. "Niombe radhi."

"Siombi radhi, mzee. Na kesho ukija, sikuuzii vilevile."