Mkono wa Wifi

Mwalimu alikwangua maharage ya jana yaliyogandia chini ya sufuria, akayatia kwenye kopo la plastiki na kuukandamiza mfuniko wake wa njano kama anayemfungia nyoka. Jikoni makopo ya aina hiyo yalikuwa mawili. Leo aliliona moja tu, wala hakuwa na muda wa kutafuta la pili.

"Leo tutajuana," aliliambia kopo, akalisukumia chini kabisa ya mkoba.

Tangu wifi yake avunje ndoa na kuhamia kwao na cherehani yake, tumbo la Mwalimu halikuwa lake tena. Wiki hii linamwendesha, wiki ijayo linafunga kama duka la marehemu. Linajaa gesi, linamsokota, linanguruma mbele ya darasa la kwanza mpaka watoto wanachekeana. Mara kwa mara aliacha chaki hewani na kukimbilia chooni. Juzi mwalimu mkuu alimwita ofisini akamwambia bila kuzunguka: darasa likikutwa tena bila mtu, atafute kazi nyingine.

Nyumbani walikuwa wamegawana jiko. Mwalimu alipika uji wa maziwa asubuhi kabla ya kwenda shule, wifi akapika cha usiku. Mpango mzuri, kwa anayeutazama kutoka nje. Lakini anayekupikia amekushika roho.

Na dalili zilikuwepo, kwa mwenye macho. Wifi hakula alichopika. Alipakua, akakaa, akawatazama wenzake wakitafuna huku yeye akichezea kijiko.

"Mbona huli, wifi?"

"Nimeonja sana jikoni. Kula wewe, wifi yangu, kisipoe."

Kisipoe! Huruma gani hiyo? Na alikuwa akikonda; sketi aliibana kiunoni kwa pini. Mwalimu hakushangaa. Dhamiri chafu haijengi mwili.

Halafu choo. Nyumba nzima ina choo kimoja, na kila Mwalimu alipobanwa, aliukuta mlango umefungwa kwa ndani.

"Wifi, jamani, nakufa huku!"

"Subiri kidogo, wifi."

Kidogo gani? Mtu ameshinda nyumbani kutwa, anangoja mwenzake arudi ndipo ajifungie humo? Alitaka aadhirike, basi.

Jumapili moja ndiyo ilimaliza ubishi. Mwalimu alirudi jikoni kufuata kijiko, akamkuta wifi ameinamia sufuria ya uji, ananusa. Alipomwona alishtuka, akafunika haraka.

"Nilikuwa natazama kama umepoa."

Uji ulikuwa ukifuka moshi.

Hapo akaenda moja kwa moja kwa mumewe, aliyekuwa mbele ya kioo akinyoa ndevu.

"Dada yako ananilisha kitu."

Wembe ulisimama shavuni. "Hata wewe?" alisema, kisha akafumba mdomo kama aliyemeza nzi.

Hata wewe! Kumbe si yeye peke yake aliyeona.

"Nani mwingine amekwambia?"

"Hakuna. Nenda hospitali. Daktari akisema kuna kitu, mtu atafungasha, sitamtetea yeyote."

Kliniki ya tumbo ilifunguliwa Alhamisi tu. Alhamisi iliyopita walimpima. Hii ya leo ilikuwa ya majibu. Wifi naye aliamka na safari zake. "Napeleka mapazia kwa mteja," alisema, akiwa na mkoba usiotosha hata mto, akatoka bila kugusa uji mezani. Mwalimu alimsindikiza kwa macho mpaka kona. Muda si mrefu na yeye akatoka.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye vidole baridi na maneno machache.

"Damu safi. Choo safi. Hakuna kidonda, hakuna minyoo."

Mwalimu akatoa kopo, akaliweka juu ya meza. "Basi pima hili."

"Maharage?"

"Ya wifi yangu."

Daktari hakuligusa. "Mama, hulishwi sumu. Utumbo wako ni mzima wa sura, mbovu wa tabia. Huo ni ugonjwa wa kweli, hujaubuni kichwani. Walio nao ni wengi, aibu tu inawafanya wafiche. Kuna wanaochokozwa na maharage, kuna wanaochokozwa na maziwa. Na woga huuchochea kuliko unavyodhani. Nyumbani unakula umetulia?"

"Nitatulia vipi na muuaji mezani?"

Daktari alivuta kalamu. Akamwandikia dawa ya kutuliza msokoto, akamwambia ale kidogo kidogo, aache maharage kwa muda aone, arudi mwezi ujao. Akamwahidi kuzungumza na mwalimu mkuu, kama atataka, ili awepo mtu wa kumshikia darasa.

"Na kopo la watu urudi nalo," alimalizia.

Mwalimu alilitumbukiza mkobani kwa hasira. Neno moja tu alilihitaji, na amelikosa. Wifi ni mjanja. Hata vipimo amevipita! Lakini Mwalimu hatalala. Ataleta maharage mengine, ataleta sufuria nzima ikibidi.

Akavuta mlango.

"Anayefuata!" daktari aliita nyuma yake.

Kwenye benchi la korido mtu aliinuka nusu, mkono mmoja umeshika tumbo, mwingine umekumbatia kopo lenye mfuniko wa njano. Alipomwona Mwalimu mlangoni, wifi alirudi nyuma mpaka ukutani, akaukandamiza mfuniko kwa kiganja. Ndani ya kopo, uji aliopika Mwalimu alfajiri ulikuwa umeanza kuganda.