Ng'ombe wa Mnada wa Mavuno

Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya kengele, na Esnath alisimama kando yake akitabasamu. Washarika waliokuwa wakitoka ibadani pale Mlandege walishangaa vyote viwili.

Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Asiye na fedha alileta kuku, mayai au debe la mahindi, vikapigwa mnada nje ya kanisa ili mwinjilisti wa Ubaruku apate pikipiki. Lakini ng'ombe mzima? Tena kutoka kwa mjane?

Aliyeshangaa zaidi ni Mzee Jailos. Alijua shemeji yake hana kitu, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemmaliza. Mdogo wake alipofariki, hata matanga hayajaanuliwa, Jailos alibeba mabati, ndama na masufuria. Sasa alikuwa tajiri wa ng'ombe wanaochungwa huko Ubaruku, ambao kwa uvivu wake aliwahesabu kwa simu tu.

Miaka sita Esnath alimeza donge hilo. Katika sala ya Bwana, wenzake wakifika kwenye kusamehe, yeye alifumba mdomo.

"Laki nane!" Edmund, mnadi wa kanisa, alifungua.

"Milioni!" Nesi Devota akadakia. "Nikimpata, namrudishia mama wa watu."

Watu wakapiga makofi. Esnath hakupiga.

"Anunue yeyote," alipaza sauti, "ila siyo shemeji Jailos. Huyu hamwezi."

Wazee waliguna. Jailos alihisi masikio yanamwaka moto.

"Milioni na nusu!"

Devota akapanda, Jailos akapanda. Bei ilipita ya ng'ombe wawili, na bado alipanda, akimtazama mjane na si ng'ombe. Kwenye milioni mbili na laki sita Devota alitikisa kichwa, akakaa.

Jailos alituma fedha palepale kwa simu. Edmund alipousoma ujumbe kwa sauti, vigelegele vilipigwa. Pikipiki ilikuwa imepatikana.

"Mrudishie mjane! Mrudishie!" akinamama waliimba, kama ilivyo desturi.

"Simrudishii," Jailos alisema. "Namchinja leo hii. Shemeji akipenda, aje kuchukua utumbo."

Nyimbo zilikatika.

"Haya, kauzwa," Edmund alisema kwa unyonge. "Na kilichotolewa sadaka hakirudi."

"Amina!" Jailos aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Esnath alilikuna kovu dogo kwenye sikio la ng'ombe, taratibu, kama mtu anayeaga. Ng'ombe alimlamba kiganja. Kisha Esnath akamkabidhi Jailos kamba kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Ndipo mwanamume mwenye shuka na fimbo alipotoka kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, akavuka haraka akiuliza Mzee Jailos ni yupi. Alipoonyeshwa, aliinama.

"Shikamoo, mzee. Kumbe ndiyo wewe! Miaka yote hii nakusikia kwenye simu tu. Ng'ombe wako kafika salama kutoka Ubaruku, yule uliyemleta akiwa ndama. Shemeji yako alinipigia, akasema umeamua kumtoa sadaka, na nauli ya lori utanilipa hapahapa."