Mtihani wa Mafungu Matatu

Noormohamed alimpokonya kipaza sauti mwalimu mmoja mstaafu ambaye hata alikuwa hajamaliza kushukuru kwa kupewa nafasi.

"Muswada huu utupwe!" alisema. "Utupwe baharini, na aliyeuzua afuatishwe!"

Ukumbi wa Makadara ukalipuka kwa makofi. Tangu saa tatu asubuhi wazazi na walimu walikuwa wakisinzia mbele ya kamati ya bunge iliyokuja kusikiliza maoni ya wananchi. Sasa kila mtu alikaa wima. Hakuna aliyejua kuwa muuza makufuli huyu, mwenye miaka hamsini na tisa, hakuwa na mtoto hata mmoja shuleni.

Alichokuwa nacho ni uchumba. Au tuseme nusu ya uchumba.

Miaka mitano nyuma alimposa Bi Zohra, mjane wa Mji wa Kale aliyefanya kazi ya ukarani kwa wakili mmoja mpaka akastaafu. Bi Zohra hakukataa. Alisema tu, kwa ile sauti yake laini, "Ngoja binti yangu Yumna amalize mtihani wa shule ya msingi. Sitaki kumchanganya akili."

Yumna akamaliza. Noormohamed akatia hina ndevu, akarudi.

"Ah, Bwana Noormohamed, si sasa yumo sekondari? Na amalize huo wa kidato cha nne, basi."

Akangoja. Akamtengenezea vitasa vya nyumba nzima bila kuombwa. Akaacha kutafuna tambuu, kwa sababu siku moja Bi Zohra alikohoa aliposikia harufu yake. Kila mwezi ukiandama alipiga hesabu upya, na sasa ilikuwa imebaki miezi kumi na minne tu.

Ndipo bungeni kukaingia muswada huu: mtihani mmoja wa mwisho wa sekondari ufutwe, badala yake kuwe na mafungu matatu, fungu moja kila mwaka, na cheti kisitoke mpaka la mwisho lifanywe.

Siku gazeti lilipotoa habari hiyo, Noormohamed alifunga duka, akakimbilia kwa Bi Zohra, jasho likimtiririka.

"Umelisikia balaa hili?"

"Fungu la mwisho ni mwaka wa elfu mbili ishirini na tisa," alisema Bi Zohra, akimmiminia chai. Gazeti hata hakulitupia jicho. "Kifungu cha tisa. Ikishakuwa sheria, tutafanyaje? Itabidi tuvute subira."

Noormohamed alitoka pale akimpenda zaidi. Mama gani mwingine Mombasa nzima anayafuatilia masomo ya mwanawe mpaka nambari ya kifungu?

Kwa hiyo leo alikuja Makadara bila kumwambia. Alitaka ushindi uwe zawadi.

"Waheshimiwa," aliendelea, "kuna nyumba mjini humu ambamo mambo yamesimama! Watu wazima, wenye mvi zao, wanangoja mtihani uishe ndipo waanze kuishi!" Sauti ikamkatika. Mama mmoja aliyekaa mbele akajifuta machozi kwa ncha ya leso. "Na huyo aliyelizua jambo hili hajui mapenzi! Mapenzi ya... ya mtoto. Moyo wake umeshika kutu, hauingii ufunguo wowote!"

"Aibu!" ukumbi ukaitikia. "Aibu yake!"

Wabunge wakainamiana, wakanong'onezana. Mwenyekiti wao, Kenneth, akavua miwani. Ilionekana kama naye macho yamemlowa.

"Mzee wangu, umetugusa," alisema. "Nadhani kamati itapendekeza muswada uondolewe."

Watu wakamrukia Noormohamed. Mmoja alimbusu kipaji cha uso, mwingine akampa mtoto wake amshike. Katikati ya vurumai hiyo, Noormohamed alikuwa ameshafika mbali. Alikwishachagua kanzu ya harusi, na sasa alikuwa akibishana moyoni kama waalikwa walishwe pilau au biriani.

"Ila kuna jambo moja," Kenneth alisema, akiinua mkono watu watulie. "Muswada huu hatukuubuni sisi. Ulitokana na ombi aliloliandikia bunge raia mmoja wa hapa hapa Mombasa. Ana haki ya kulitetea kabla hatujaamua."

Ukumbi ukazomea. Noormohamed alizomea kuwashinda wote.

"Aje!" alipiga kelele. "Aje mbele tumwone uso!"

Winnie, karani wa kamati, akafunua faili, akalisoma jina polepole, asije akakosea.

Nyuma kabisa, upande wa wanawake, Bi Zohra aliinuka, akaweka mtandio wake sawa, akaanza kuja mbele.